Kazi ya Sola na Dhamana Yake

Mtu anaweza kustaafu ualimu, lakini hastaafu kuulizwa. Vijana waliomaliza kidato cha nne, na wazazi wao pia, huendelea kumwendea mwalimu mzee kama watu waendavyo kisimani, hata wakijua kwamba maji yamepungua. Zamani waliniuliza juu ya ualimu, uuguzi, ukarani na jeshi. Miaka hii wengi huuliza juu ya nishati mbadala: "Mwalimu, nikisomea mambo ya sola nitapata kazi?" Nimelisikia swali hili mara nyingi kiasi cha kuona kwamba linastahili kujibiwa kwa utulivu na kwa maandishi, badala ya maneno mawili matatu ya njiani.

Ndani ya swali hilo mna maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. La kwanza ni la tumbo: Je, kazi hiyo italipa? La pili ni la nafsi: Je, ni kazi njema? Watu wengi huhangaika na la kwanza, wakalipita la pili kana kwamba limekwisha kujibiwa. Husema kwamba jua halitoi moshi na upepo hauchafui mto, kwa hiyo anayefanya kazi ya jua au ya upepo anafanya kazi njema, basi. Mimi nadhani mambo hayako hivyo. Nadhani wema wa kazi hii hautoki juani hata kidogo. Unatoka mahali pengine, na ni vizuri kijana apajue mahali hapo kabla hajalipa ada ya chuo.

Nianze na la tumbo, maana mwenye njaa hana masikio. Kazi zipo. Majirani zetu wa Kenya walianza kutoa umeme wa jotoardhi pale Olkaria, karibu na Naivasha, mwaka 1981. Mwaka 2019 walizindua mitambo ya jua ya Garissa yenye megawati 50. Kwetu Tanzania maji ndiyo yaliyobeba mzigo mkubwa: bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengewa mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Kijana akisikia tarakimu kama hizo huona mbele yake mlima wa ajira. Lakini yafaa akumbuke kwamba mitambo mikubwa huhitaji watu wengi wakati wa kujengwa na wachache wakati wa kuendeshwa. Wakishaondoka wachanganya zege na wachomeleaji vyuma, hubaki wahandisi, mafundi kadhaa na walinzi getini.

Kazi zilizo karibu na kijana wa kawaida ni nyingine. Ni kufunga sola katika nyumba, shule, zahanati na maduka ya vijijini, kufunga pampu za kumwagilia bustani, kuuza vifaa, kukusanya malipo ya mkopo, na kurekebisha vilivyoharibika. Kwa hiyo ninaposema kazi ya nishati mbadala katika insha hii, namfikiria hasa fundi huyo mwenye ngazi begani na bisibisi mfukoni, anayekwenda nyumba hadi nyumba kwa pikipiki au kwa miguu. Yeye ndiye mimi na wewe tutakayekutana naye, na swali la wema wa kazi linamhusu yeye kuliko linavyomhusu waziri.

Sasa tulipime wazo la kwamba kazi ni njema kwa sababu chanzo chake ni safi. Katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Upepo wa huko ni safi, na una nguvu ya kutosha mwaka mzima. Mitambo hiyo ilikwisha kusimamishwa mwaka 2017, lakini haikupeleka umeme popote mpaka mwaka 2018, kwa sababu nyaya za kuusafirisha hazikuwa zimekamilika. Isitoshe, wafugaji wa eneo hilo walikwenda mahakamani kudai kwamba ardhi yao ya malisho ilitolewa bila utaratibu, na mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa kufuata sheria. Sisemi hayo ili kuubeza mradi ambao umewasha taa nyingi. Nasema tu kwamba upepo haukuwa na kosa lolote katika mambo hayo mawili. Usafi wa upepo haukuleta nyaya, wala haukuwauliza wafugaji. Hayo ni ya watu kufanya au kuacha kufanya.

Mfano wa pili uko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi hapo mwaka 2007, na madini ya risasi yakawaingia wakazi mwilini, wakiwamo watoto wachanga. Bi. Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe alidhurika, aliongoza mapambano ya kukifunga, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikapanda ngazi za rufaa hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2024 iliirudisha amri hiyo. Betri za magari ndizo zinazojaa katika viwanda vya namna hiyo, lakini betri ya asidi inayowekwa chini ya kitanda ili kutunza umeme wa jua ni ndugu yake wa tumbo moja. Ina risasi ile ile na tindikali ile ile. Fundi anayeipokea betri iliyokufa, akamwaga tindikali yake nyuma ya kibanda na kuyauza mabamba kwa kilo, hawezi kujitetea kwa kusema kwamba yeye ni mtu wa nishati safi.

Basi chanzo hakitoshi. Jua huwaangazia waadilifu na walaghai kwa usawa.

Wapo watakaosema: "Mwalimu, acha hayo. Kazi njema ni ile inayolisha watoto." Sina dharau na jibu hilo. Nimewafundisha watoto waliokuja shule bila kula, na sioni haki ya mtu aliyeshiba kumhubiria maadili kijana ambaye mama yake anauza vitumbua ili wadogo zake wapate madaftari. Kujitafutia riziki kwa jasho ni wema wenyewe. Lakini swali linabaki: riziki hiyo hutoka wapi, na huacha nini nyuma? Hapo ndipo kazi ya sola inapokuwa na jambo lake la pekee, ambalo lataka kuelezwa kwa makini.

Seremala akinitengenezea kiti, nitakikalia mbele yake. Kikiyumba nitamwambia hapo hapo. Fundi cherehani akikosea mkono wa shati, kioo kitasema. Fundi wa sola hayuko hivyo. Mnunuzi hawezi kuona kwa macho kama paneli inatoa wati 50 zilizoandikwa nyuma yake au 30. Hawezi kujua kama waya uliopita darini ni mnene wa kutosha. Siku ya kufunga, taa zote huwaka, akina mama hupiga vigelegele, fundi hulipwa na kuondoka. Ubaya, kama upo, hujitokeza baada ya miezi sita au kumi, wakati fundi yuko wilaya nyingine. Nchini Kenya, ambako wananchi wa kawaida walianza kununua sola kwa fedha zao tangu miaka ya 1980, uchunguzi wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba baadhi ya paneli zilizokuwa sokoni hazikutoa nguvu iliyoandikwa juu yake. Mwaka 2012 Serikali ya huko ikatunga kanuni zinazomtaka fundi awe na leseni, kwa ngazi tatu. Ni jambo jema. Lakini leseni huangalia alichojifunza fundi. Haimfuati darini.

Naomba msomaji anivumilie nifanye hesabu ndogo, kwa kuwa ndani ya hesabu hiyo ndimo lilimo suala zima la maadili. Chukua paneli ya wati 50, na siku yenye jua kamili la saa tano. Tunapata wati-saa 250. Sehemu yake hupotea kwenye nyaya, kwenye joto na ndani ya betri. Tuseme zinabaki 180. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa tano usiku zitakula wati-saa 100. Zinabaki 80 za kuchaji simu, kusikiliza redio, na kuweka akiba ya siku ya mawingu. Nyumba hiyo itaishi kwa amani. Sasa mwenye nyumba anasema anataka na televisheni ya wati 40, ili atazame taarifa ya habari na mpira, saa nne kila jioni. Hizo ni wati-saa 160. Ukijumlisha na za taa zinakuwa 260, nasi tulikuwa na 180.

Televisheni itawaka siku ya kwanza. Itawaka na siku ya pili. Betri haisemi hapana; hukopesha. Lakini betri ya asidi inayokamuliwa hadi chini kila usiku, na asubuhi isijazwe, mabamba yake hufanya ukoko, nayo hupokea umeme kidogo zaidi kila siku mpaka ikafa kabla ya mwaka. Mwenye nyumba, aliyeuza ng'ombe au gunia kadhaa za mahindi, atasema sola ni utapeli na kurudi kwenye koroboi. Hatalaumu hesabu, kwa sababu hakuwahi kuonyeshwa.

Fundi aliiona hesabu hiyo. Kama amesoma, aliiona kabla ya kupanda ngazi. Alikuwa na maneno matatu ya kuchagua. Angeweza kusema, "Haitoshi, ongeza paneli." Angeweza kusema, "Haitoshi, acha televisheni." Au angeweza kusema, "Hakuna tatizo, mzee." Neno la tatu huleta fedha leo. Maneno mawili ya kwanza huenda yakampeleka mteja kwa fundi mwingine, asiye na hesabu wala haya. Hapa ndipo kijana atakapojua yeye ni mtu wa namna gani, na hakuna mtu mwingine atakayekuwapo kumtazama.

Jambo hili huwa zito zaidi katika zahanati. Chanjo nyingi za watoto hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi, na zahanati nyingi za mbali hutegemea jokofu la sola. Dawa iliyoharibiwa na joto huwezi kuitambua kwa kuitazama. Ndiyo maana vichupa vingi hubandikwa alama ndogo inayobadilika rangi kadiri joto linavyoipata, ili muuguzi ajue. Kazi ya fundi haina alama ya namna hiyo. Yeye mwenyewe ndiye alama. Akiwa mwongo, hakuna rangi itakayobadilika mpaka mtu aumie.

Niseme sasa jambo nililoliona mwenyewe. Katika shule moja ya msingi niliyoiongoza, wahisani walituletea sola mwaka 2003. Ilikuwa zawadi kubwa. Madarasa mawili yalipata taa, na watoto wa darasa la saba wakawa wanajisomea usiku. Waliofunga vyombo walipiga picha, wakala pilau pamoja nasi, wakaenda zao. Walituachia kijitabu cha Kiingereza na namba ya simu. Baada ya miezi kumi na minne taa zilianza kufifia, kisha zikazima. Namba ile haikupokelewa. Barua mbili hazikujibiwa. Watoto wakarudi na chemli na vibatari, na kila asubuhi ukiwatazama puani ungeona masizi.

Katika gulio la jirani alikuwapo kijana aliyekuwa akitengeneza redio na baiskeli. Kamati ya shule ilimwita bila matumaini makubwa. Alifungua vifuniko vya betri akakuta maji yamekauka. Alifuata nyaya akakuta kutu ya kijani na nyeupe pale zinapofungwa. Betri mbili zilikuwa zimekufa kabisa, mbili zikafufuka. Alitoza fedha kidogo. Lakini kabla ya kuondoka alifanya jambo ambalo hatukumwomba: alimwita mlinzi wetu na wanafunzi wawili, akawaonyesha namna ya kuongeza maji ya betri kila mwezi, kufuta vumbi juu ya paneli, na kusoma taa za kontrola. Akasema kila jambo liandikwe katika daftari pamoja na tarehe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, naye aliijua maana ya maneno hayo kuliko wenye kijitabu cha Kiingereza. Tena akawa anapita yeye mwenyewe, kila anapokuja gulioni, kuuliza, "Mwalimu, zinawakaje?" Kwa betri zile mbili, na nyingine tuliyonunua baadaye kwa michango ya wazazi, darasa moja liliendelea kuwaka hadi nilipohamishwa.

Nimejiuliza mara nyingi ni nani kati yao aliyetuletea mwanga. Wahisani walitoa vitu vya thamani, nami siwanyimi shukrani. Lakini walitoa kitu, wakaondoka na dhamana. Yule kijana hakutoa hata paneli moja, ila aliichukua dhamana akaiweka mikononi mwetu. Nadhani hapo ndipo wema wa kazi hii ulipo. Anayefunga sola anauza ahadi ya usiku mwingi ujao, na ahadi ni deni. Kwa kawaida deni huwa kwa mnunuzi; katika kazi hii mnunuzi akishalipa, fundi ndiye anayeanza kudaiwa.

Si mimi wa kwanza kuliona hilo. Katika kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan nchini India, kuna chuo kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972, kinachojulikana kwa jina la Barefoot, yaani cha watu wasio na viatu. Chuo hicho kilijenga mtindo wa kuwachukua wanawake wa vijijini, wengi wao wakiwa bibi wenye wajukuu, wasiojua kusoma au waliosoma kidogo tu, na kuwafundisha kwa miezi kadhaa kuunganisha na kurekebisha vifaa vya sola. Hufundishwa kwa rangi, kwa ishara na kwa kurudia. Wanawake kutoka nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, walikwenda huko, na tangu mwaka 2015 chuo cha mtindo huo kiko Kibokwa, kaskazini mwa kisiwa cha Unguja. Kwa nini bibi na si vijana wenye vyeti? Roy ameeleza sababu waziwazi: kijana wa kiume akipata cheti, kesho yake hupanda basi kwenda mjini kutafuta kazi. Bibi hurudi kijijini na kukaa. Taa ikizima saa mbili za usiku, watu wanajua mlango wa kugonga.

Sababu hiyo ilinigusa, kwa kuwa inatushitaki sisi walimu. Tuliokuwa vyuo vya ualimu miaka ya mwanzo ya 1970 tuliusoma waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alioutoa Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967. Alilalamika humo kwamba elimu tuliyorithi ilimtenga mwanafunzi na jamii yake, ikamfanya aione shule kama njia ya kukitoroka kijiji. Tulikubaliana naye, tukalima mashamba ya shule. Lakini siku ya matokeo tulimsifu yule aliyechaguliwa kwenda mbali zaidi. Jamii nzima ilipima mafanikio ya mtoto kwa umbali aliokwenda. Haishangazi kwamba cheti cha sola nacho kinageuzwa kuwa tiketi ya basi.

Lakini hapa lazima niwe mwenye haki, maana kuna hoja nzito upande wa pili. Kijana anaweza kuniambia: "Mwalimu, daktari anahama, mwanasheria anahama, hata wewe ulihamishwa mara kadhaa. Kwa nini mimi, mtoto wa maskini, ndiye nifungwe mguu kijijini ili wengine wapate taa? Wanaosifu ukaaji kijijini, watoto wao wako wapi?" Hoja hiyo siwezi kuipuuza. Ni dhuluma kumwambia mtu kwamba fadhila yake ni kubaki fukara mahali pamoja. Na huyo bibi wa Kibokwa au wa Tilonia, tukimsifu kwa sababu tu hana pa kwenda, tunamdhalilisha huku tukimpamba. Sifa yake iwe kwamba anaijua kazi na anaitikia anapoitwa.

Nikitafakari naona kwamba dhamana si minyororo ya mahali. Dhamana ni kuwapo mtu wa kuitika. Sisi walimu wakuu tulikuwa na utaratibu mmoja ambao haukupendwa na wengi, lakini ulikuwa na hekima kubwa: makabidhiano. Ukihamishwa, huondoki mpaka umeandika taarifa na kumkabidhi anayekuja funguo, daftari la mali, hesabu na hata matatizo. Kuhama si kosa. Kosa ni kuhama bila kukabidhi. Yule kijana wa gulioni angekwenda Mwanza au Dar es Salaam wiki iliyofuata, shule yetu isingezama gizani, kwa kuwa alimwachia mlinzi na watoto wawili ujuzi wa kutosha. Basi kijana aende atakako, bali katika kila kijiji alichofunga taa amwache angalau mtu mmoja anayejua kuzitunza. Akifanya hivyo ameondoka kwa heshima.

Ipo hoja nyingine, ya wale walioajiriwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 yameenea katika nchi zetu makampuni yanayouza sola kwa malipo madogo madogo kupitia simu. Usipolipa, taa huzimwa kwa mbali. Mtindo huu una haki yake: muuzaji hulazimika kuhakikisha chombo kinafanya kazi, maana kikiharibika malipo yatakoma. Umewawezesha watu wengi wasioweza kutoa fedha zote kwa mkupuo. Lakini una pembe zake. Kijana wa makusanyo atafika nyumba yenye msiba, ambako taa imezima kwa sababu fedha zimekwenda kwenye sanda. Yeye hakutunga masharti, na akiyavunja atapoteza kazi. Afanye nini? Sina jibu la mkato. Najua tu kwamba anaweza kuwa mdomo wa nyumba ile kwa wakubwa wake, akaeleza na kuomba muda. Na siku ya kuuza anaweza kuyasoma masharti yote kwa sauti, kwa Kiswahili, pamoja na yale yasiyopendeza. Aliyeajiriwa hana uwezo wote, lakini hakosi kabisa.

Kwa hiyo kijana anayeniuliza kama akasomee sola, mimi humjibu kwa maswali matatu. Je, uko tayari kuitwa usiku kwa kazi uliyokwisha kulipwa? Je, unaweza kutamka neno "haitoshi" mbele ya mtu mwenye fedha mkononi, nawe huna nauli ya kurudia? Na tatu, utamfundisha nani? Akijibu kwa kusitasita sikasiriki. Anayesitasita amelielewa swali. Humwambia aanze na umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi, kwa mfano vyuo vya VETA vilivyowekwa chini ya sheria ya mwaka 1994. Humwambia asiidharau hesabu ya kuzidisha na kutoa, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayomlinda yeye na mteja wake. Aweke daftari la kila nyumba aliyofunga. Aulize betri zilizokufa zinakwenda wapi kabla hajaanza kuziuza mpya. Hayo si maadili ya juu mawinguni. Ni kazi yenyewe inavyotakiwa kufanywa.

Kama maswali hayo yanamwelemea, namshauri atafute kazi nyingine, na si aibu. Zipo kazi nyingi za halali ambazo kosa huonekana siku hiyo hiyo na kurekebishwa siku hiyo hiyo, na mtu hulala usingizi. Hii ya sola si ya namna hiyo. Yule anayeikubali ajue kwamba atakuwa anawadai watu mara moja, nao watamdai miaka mingi. Jua litachomoza kesho bila msaada wake. Kama mwanga wake utafika hadi mezani pa mtoto anayesoma saa tatu za usiku, hilo ndilo lililo mikononi mwake.